Uzinduzi wa Kiyoyozi cha Bi Zuwena

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Msomaji akiiona nje ya dirisha lake, afunge dirisha, na joto likimzidi avumilie, kwa sababu katika nchi hiyo isiyokuwepo joto ni jambo la heshima.

Mimi naitwa Machano. Ni Afisa Itifaki wa Wilaya ya Mbalini, ambayo ni kisiwa kimoja tu, cha mwisho kabisa kwenye ramani ya taifa, na katika ramani nyingine hakimo. Kazi yangu ni kupanga nani akae wapi, nani aseme kabla ya nani, na nani asiseme kabisa. Nimeifanya miaka kumi na tisa na sijawahi kumkalisha mkubwa juani. Wapo wanaosema nina roho mbaya. Hao hawajawahi kupewa watu mia mbili na hema la watu thelathini.

Kwetu meli huja mara mbili kwa mwezi, ikikumbuka. Vivuli ni haba, maana minazi yote ilikatwa mwaka ule Mtukufu Rais alipotaka kutupungia mkono kutoka kwenye helikopta, nasi tukaona aibu kumzuia asituone. Helikopta haikupita. Sisi tumebaki wazi hadi leo, tayari kuonekana.

Mtukufu, kwa jina la kazi, ni Baba wa Jasho. Yeye ndiye aliyegundua kwamba taifa letu halina dhahabu wala mafuta, lakini lina watu wanaotokwa na jasho jingi, na kwamba hiyo nayo ni rasilimali. Tangu siku hiyo kila Jumamosi raia wazima hukusanyika uwanjani kufyatua matofali, na ikifika saa sita karani hupita nyuma ya mistari akikagua migongo. Mgongo uliolowa hugongewa muhuri kwenye kadi. Mgongo mkavu huandikiwa barua. Matofali yenyewe hatuyajengei kitu. Jumamosi inayofuata tunayavunja ili tupate udongo.

* * *

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Bi Zuwena, fundi cherehani, mjane, mwanamke mwenye sauti ndogo na mkasi mkubwa. Mtoto wake ni mmoja tu, binti wa miaka ishirini na mbili, jina lake Mwanatumu.

Mwanatumu alizaliwa hana jasho. Sisemi kwa mafumbo. Ngozi yake haikuumbwa na vitundu vya kutolea jasho, na mtu wa namna hiyo joto likimwingia halina mlango wa kutokea. Hupanda tu, mpaka kichwa kikavurugika, akaanguka, na asipopozwa upesi akafa. Mama yake alimlea kwa maji. Mchana kutwa alimfunika kanga mbichi, na binti alipokua akawa anakata vitambaa dukani kwa mama yake huku miguu imo ndani ya beseni.

Siri hiyo tuliijua mimi na ukuta wangu. Wilaya haikuijua, kwa sababu kila Jumamosi Mwanatumu alifika uwanjani kalowa chapachapa kabla hata hajagusa udongo. Karani alipita, akaona mgongo unaochuruzika, akagonga muhuri kwa nguvu. Miaka mitatu mfululizo alitangazwa Mtoa Jasho Bora wa Wilaya, na picha yake ikatundikwa ofisini kwa Mkuu wa Wilaya, chini kidogo ya picha ya Mtukufu. Siku alipopokea cheti cha tatu alinisogelea.

“Mjomba Machano,” akasema, “nchi hii ina bahati. Ikimwona mtu kalowa inadhani inapendwa.”

Nikacheka, kisha nikageuka kuangalia nani kaniona nikicheka. Nilimpenda binti yule, sifichi. Alikuwa na maneno yake.

Lakini ngozi iliyoloweshwa miaka ishirini na mbili huchoka. Mwaka jana ilianza kubanduka mgongoni na kufanya vidonda, na kila kanga mbichi ikawa inamuunguza. Daktari wa serikali, ambaye huja na meli na kuondoka nayo, alimtazama kwa dakika kumi, ambazo kwa kipimo chetu ni nyingi. Akasema maji sasa basi, labda akizidiwa kabisa. Kinachotakiwa ni chumba kimoja chenye kiyoyozi, akae humo saa zote za jua kali. Bi Zuwena akauliza itakuwaje asipokipata. Daktari akasema msimu wa joto unaanza baada ya miezi miwili, na akaangalia saa yake.

* * *

Mbalini hakuna duka la viyoyozi. Kuna duka la mafuta ya taa, duka la sabuni, na maduka matatu ya fremu za picha ya Mtukufu. Kwa hiyo Bi Zuwena aliuza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo, akaamua kununua mtandaoni.

Mtandao kwetu uko kilimani. Tena si kila mahali kilimani. Uko juu ya jiwe moja, ukisimama kwa mguu wa kulia na kuinua simu upande meli inakotokea. Jiwe hilo lina foleni, na foleni ina mwenyekiti. Anayejua mambo ya simu ni Mwanatumu, lakini kupanda kilima juani hawezi. Anayeweza kupanda ni Bi Zuwena, ambaye simu yake alikuwa akiitumia kama tochi. Wakagawana kazi. Mama alipanda, akafungua duka, akakariri kilichoandikwa, akateremka kumuuliza bintiye abonyeze wapi, akapanda tena. Duka lilimuuliza kama anataka kiyoyozi cha ukutani au cha dirishani. Akateremka. Lilimuuliza ukubwa wa chumba. Akateremka, akapima kwa futi ya kushonea, akapanda. Lilimuuliza kama yeye ni roboti, na hapo alikaa chini kwenye jiwe akapumua, kwani hilo aliona anaweza kulijibu mwenyewe.

Mwisho likamtaka achague mahali anapoishi. Orodha ilikuwa na miji, ikawa na vijiji, ikawa hata na kituo cha utafiti chenye watu wanne katikati ya barafu. Mbalini haikuwemo. Neno la chini kabisa kwenye orodha lilikuwa Kwingineko. Bi Zuwena akalibonyeza, na duka ambalo halikuwahi kutusikia likamjibu papo hapo kwamba oda yake imepokelewa, na mzigo utafika Kwingineko ndani ya siku hamsini.

Aliteremka kilimani anatembea haraka, mwanamke ambaye siku hiyo alikuwa amepanda mara kumi na moja. Kupitia ukutani nilimsikia akimweleza bintiye, na nikawasikia wote wawili wakicheka. Ilibidi niende kuwaambia wasishangilie kabla ya kupata kibali. Sheria iko wazi kwamba hakuna mtu atakayeingiza chombo cha kupunguza jasho la raia bila idhini ya Mkuu wa Wilaya.

* * *

Kosa la Bi Zuwena lilikuwa kuandika ukweli. Fomu ilimuuliza sababu, naye akaandika kwa mkono wake: mwanangu hatoi jasho tangu azaliwe. Angeandika kwamba anataka kufuga kuku wa kizungu angepata kibali siku ileile.

Mheshimiwa Msellem, Mkuu wetu wa Wilaya, aliisoma fomu mara mbili. Kisha akainua macho taratibu hadi kwenye ile picha ya Mtoa Jasho Bora ukutani. Nilikuwa nimesimama pembeni na faili, nikamwona anavyobadilika. Miaka mitatu alikuwa akipeleka makao makuu taarifa ya jasho la Mbalini, na sehemu nzuri ya jasho hilo, kumbe, ilikuwa maji ya bomba.

Mama na binti wakaitwa. Mheshimiwa alizungumza kwa dakika arobaini. Alisema wapo watu wanaokula jasho la wenzao, hao tumewazoea na wengine tumewachagua wenyewe. Lakini mtu anayejimwagia maji na kuyaita jasho anamcheka Baba wa Jasho usoni. Kisha akamuuliza Mwanatumu kama ana la kusema.

“Mheshimiwa, mimi sikuwahi kusema ni jasho,” Mwanatumu akajibu. “Muhuri mligonga wenyewe.”

Vyeti vitatu vikachanwa mbele yake. Kosa likaandikwa kwenye faili: udanganyifu wa jasho. Ingekuwa siku nyingine wangelazwa ndani. Lakini siku hiyo mezani kwa Mheshimiwa kulikuwa na barua nyingine, kutoka makao makuu, ikitaka kila wilaya itaje mradi mmoja mpya wa kuzinduliwa kabla mwaka haujaisha. Mbalini hatukuwa na mradi. Choo cha sokoni tulikuwa tumeshakizindua mara nne, mara ya mwisho kikiwa kimeshabomoka. Mheshimiwa akaitazama barua, akaitazama fomu, na uso ukamkunjuka.

Akatoa msamaha. Akatoa na kibali. Kiyoyozi cha Bi Zuwena kitaitwa Mradi wa Wilaya wa Ubaridi kwa Wote, Mwanatumu atakuwa mnufaika wa kwanza, na sharti ni moja tu, kwamba kisiwashwe kabla hakijazinduliwa na mgeni rasmi.

Msomaji wa nchi nyingine huenda asiuone uzito wa sharti hilo. Kwetu kitu kipya hakitumiki mpaka utepe ukatwe; hata kikiwa mbele ya macho, kinahesabiwa hakijafika. Zahanati yetu ina kitanda cha kujifungulia, cha chuma, kizuri sana, na huu ni mwaka wa sita kimefungwa utepe kikimngoja waziri. Akina mama hujifungulia sakafuni kando yake. Ninawasifu kwa uangalifu wao, kwani utepe mpaka leo haujaguswa.

* * *

Duka lilisema siku hamsini. Kiyoyozi kilifika siku ya arobaini na nne. Sijui watu wale walifanyaje. Kilipita mikononi mwa watu wasiotujua, kikavuka nchi tatu, kikapanda meli yetu ambayo siku hiyo ilikumbuka, na kikashushwa gatini ndani ya boksi lisilo na hata mkwaruzo, limeandikwa Kwingineko kwa herufi kubwa. Tulikipokea kwa ngoma. Na kwa kuwa kila anayeingia wilayani kwa shughuli rasmi lazima asaini kitabu cha wageni, nilikisainia mimi, na kwenye nafasi ya maoni nikaandika: nimefurahishwa na mapokezi.

Bi Zuwena alikuja gatini na mkokoteni. Akarudi nao mtupu. Boksi lilipelekwa uwanjani, likawekwa chini ya hema, juu ya meza yenye kitambaa, likilindwa na koplo wa polisi, kumngoja mgeni rasmi. Mgeni rasmi alikuwa Naibu Waziri wa Jasho, Mheshimiwa Daktari Ngwali. Udaktari alitunukiwa na chuo alichokizindua. Alitarajiwa Jumanne, na Jumanne akapata udhuru. Jumanne iliyofuata akapata udhuru mwingine, na safari hii hakuutaja.

Msimu wa joto ulikuwa umeshaingia. Mabati ya nyumba yalikuwa yakilia mchana kwa kutanuka. Kupitia ukutani nilisikia maji yakimwagwa na Mwanatumu akivuta pumzi kwa meno, maana kila ndoo ilipita kwenye kidonda. Siku ya kumi na tatu ya kumngoja mgeni, kwa muda wa nusu saa hakumjua mama yake. Siku ya kumi na nne Bi Zuwena alikuja ofisini kwangu, akasimama mlangoni na mkasi mkononi. Nadhani alisahau kuuacha dukani.

“Bwana Machano, nipe kiyoyozi changu siku mbili tu,” akasema. “Nitakirudisha ndani ya boksi lake. Utepe nitaufunga mimi mwenyewe, mimi ni fundi, hakuna atakayejua.”

Nikamwambia kitaonekana kimetumika.

“Mwanangu anakufa, jirani.”

“Utaniweka pabaya, Bi Zuwena,” nikasema. “Itifaki siyo yangu. Vumilia kidogo, mgeni anakuja.”

Sikusema kwa ubaya. Nilimpa hata kiti, akakataa kukaa. Alinitazama kama anayenipima nguo, kuanzia mabegani kushuka, kisha akaondoka. Nikarudi kwenye orodha yangu ya viti, na nakiri kwamba siku hiyo niliwaandika watu wawili kwenye kiti kimoja, jambo ambalo halijawahi kunitokea katika utumishi wangu.

* * *

Mgeni alikuja siku ya kumi na tisa. Hapa lazima nieleze habari ya sare, kwa sababu baadaye watu walisema mengi.

Kwa uzinduzi wa hadhi ile makao makuu hutuma vitambaa vyenye picha ya Mtukufu, moja kubwa kifuani na nyingine mgongoni, na kila raia hushonewa na kuvaa. Karibu zote alizishona Bi Zuwena, kwa ile cherehani iliyobaki. Sheria ya kitambaa hicho ni nyepesi. Ukikilowesha kwa jasho umemtukuza Mtukufu, na unaweza kupewa cheti. Ukikilowesha kwa maji umemmwagia Mtukufu maji, na hilo ni kosa la jinai. Kila mtu kisiwani alikuwa na njia halali ya kulowa isipokuwa mmoja.

Niliuona ugumu huo, msidhani sikuuona. Nilimwandikia Mheshimiwa Msellem, kwa heshima zote. Akanirudishia karatasi ikiwa na maneno yake pembeni: “Msichana ana rekodi ya udanganyifu wa maji. Aje mkavu.” Na asingeweza kutokuja. Bila mnufaika hakuna uzinduzi, na bila uzinduzi kiyoyozi kingebaki hemani na koplo wake.

Viti nilivipanga hivi. Hemani aliketi mgeni rasmi na msafara wake, Mkuu wa Wilaya na wake zake wawili, kamati ya maandalizi, na kiyoyozi. Kiyoyozi nilikipa nafasi mbili, maana boksi lake ni pana, na ubavuni duka lilikuwa limeandika wazi kwamba lisiachwe juani. Bi Zuwena nilimweka nyuma kabisa, safu ya mafundi, kwa kuwa katika ratiba hapakuwa na kipengele cha mnunuzi. Mwanatumu nilimpa kiti cha mbele, nje ya hema, peke yake, ili wapiga picha wampate vizuri. Ni kiti cha heshima. Wengi wangekitamani.

Alikuja saa nne, ameshikwa mkono na mama yake, sare mpya, midomo imepasuka. Aliponiona alijaribu kutabasamu.

“Shikamoo, mjomba,” akasema. “Leo mtaniona nilivyo.”

Nikaitikia marahaba, nikamwonyesha kiti. Mama yake alikuwa ameficha ndoo ya maji nyuma ya ukuta wa zahanati, hatua arobaini kutoka pale. Hatua hizo nilizipima baadaye, kwa ajili ya ripoti.

Boti ya Naibu Waziri ilitia nanga saa tano na nusu. Tulianza na wimbo wa taifa, beti zote nane. Ikafuata dua. Ukafuata utambulisho, ambapo kila aliyeketi hemani alimtambulisha aliyeketi kando yake. Wakafuata watoto wa shule na ngonjera ya ubaridi, halafu risala ya wilaya, ambayo niliiandika mimi na sasa naona ningeweza kuipunguza. Saa sita na nusu Naibu Waziri akashika kipaza sauti.

Alisema joto ni neema na ubaridi nao ni neema, na zote zinatoka mahali pamoja, akaonyesha picha iliyokuwa kifuani pake. Alisema zamani, kabla ya Mtukufu, wananchi walikuwa wakipigwa na jua ovyo, jua lisilo na mpango. Alisema leo serikali imemkumbuka mwananchi wa chini kabisa, wa kisiwa cha mwisho kabisa, ambaye Mungu alimnyima jasho lakini serikali haikumnyima kiti. Tulipiga makofi. Mwanatumu naye alipiga mawili. La tatu viganja havikukutana.

Nilikuwa nimesimama hatua sita kutoka kwake. Niliuona uso umevimba na macho yamekuwa mazito. Nilimsikia akizungumza peke yake, akimwambia mama yake asogeze beseni. Ratiba ilikuwa mkononi mwangu na vilibaki vipengele vitatu: kukata utepe, kuwasha, na neno la shukrani kutoka kwa mnufaika. Nikajiambia ni dakika kumi tu. Naibu Waziri akageuza ukurasa, na nikaona chini yake kurasa bado ni nyingi.

Mwanatumu akaanguka kutoka kitini, kwa ubavu, bila kelele. Naibu Waziri alimwona. Akasema hiyo ni furaha imemzidi, na akaendelea.

Bi Zuwena hakupiga ukelele. Alikatiza mbele ya hema, jambo lisiloruhusiwa mgeni rasmi akizungumza, akaenda nyuma ya zahanati, akarudi na ndoo. Nilimwona anakuja nayo. Nilikuwa na nafasi ya kumzuia na nilikuwa na nafasi ya kumpokea ndoo, na sikufanya lolote kati ya hayo. Alimmwagia mwanawe ndoo nzima, kutoka kichwani hadi miguuni. Uso wa Mtukufu ukalowa, rangi yake ikachuja, masharubu yakateremka mpaka kidevuni. Koplo akamfunga Bi Zuwena pingu angali amepiga magoti, mkono mmoja uko shavuni kwa bintiye, ikabidi autoe hapo kwa nguvu.

Maji yalikuwa yamechelewa. Mwanatumu alikufa palepale mchangani, mbele ya kiti chake.

Utepe ulikatwa saa saba na robo. Kiyoyozi kilitolewa kwenye boksi, kikageuzwa kuelekea hemani, kikaunganishwa na jenereta ya wilaya na kuwashwa. Upepo wa baridi ukawapiga wakubwa usoni, ukatokea upande wa pili wa hema na kupotelea uwanjani. Naibu Waziri alifumba macho, akauliza kwa nini wizarani kwake hawana cha namna hii. Lilipofika neno la shukrani nililisoma mimi. Lilikuwa limeshaandikwa.

* * *

Mwanatumu alizikwa jioni ileile na watu wachache, kwa kuwa wengi walikuwa wanakunja viti. Katika ripoti imeandikwa kwamba mnufaika alifariki kwa kulowana ghafla. Mama yake hakuruhusiwa kwenda kuzika. Ameshitakiwa kwa kummwagia maji Mkuu wa Nchi, na kesi haijapangiwa tarehe. Tunayo mahabusu mpya yenye madirisha, lakini haijazinduliwa, kwa hiyo amewekwa ile ya zamani.

Kiyoyozi ni kidhibiti cha kesi. Vidhibiti hutunzwa ofisini kwa Mkuu wa Wilaya, na hiki lazima kila siku kithibitishwe kuwa ni kizima, kwa hiyo huwashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa Mheshimiwa anapokwenda nyumbani. Meza yangu nayo imehamishiwa humo. Ni chumba kizuri. Pale ilipokuwa picha ya Mwanatumu pamebaki msumari. Jumamosi iliyopita nilifika uwanjani nikitokea ofisini, karani akapita nyuma yangu, akaukuta mgongo mkavu, akanigongea muhuri bila kuuliza.

Wiki hii nilimpelekea Bi Zuwena uji. Alikuwa amekaa sakafuni, anakunja ncha ya kanga yake na kuikunjua. Hakunitukana. Ningependa sana anitukane.

“Simu yangu mnayo nyinyi,” akasema. “Panda kilimani ukawaulize wale watu kama wanapokea kitu kikirudishwa. Sitaki kibaki kwa Msellem.”

Nilipanda, kwa sababu hilo angalau nililiweza. Nikasimama juu ya jiwe kwa mguu wa kulia, nikainua simu, na ujumbe wa duka ukaingia. Ulikuwa umengoja siku nyingi. Walitumaini kwamba ndugu mteja amefurahia bidhaa yake, na kama hakufurahia, walikuwa tayari kuipokea ndani ya siku sitini tangu ilipofika, ajaze tu fomu.

Fomu yao ni fupi kuliko zetu zote. Swali la kwanza lilikuwa kama mteja amewahi kuitumia bidhaa hiyo. Mimi ni mtu wa itifaki, kwenye fomu sisemi uongo. Nikajibu hapana. Swali la pili lilitaka sababu ya kurudisha, na chini yake waliandika sababu nne, nichague moja. Ya kwanza ilisema imechelewa kufika. Haikuchelewa, iliwahi siku sita. Ya pili ilisema imefika ikiwa mbovu. Si mbovu, ninakaa mbele yake kutwa. Ya tatu ilisema haiko kama ilivyoelezwa. Iko hivyohivyo ilivyoelezwa. Inapooza chumba kwa dakika tano.

Jua lilikuwa linanichoma kisogoni. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilitokwa na jasho, likaniingia machoni, ikabidi niisogeze simu karibu ili niisome ya nne. Watu wale wa mbali, ambao hata jina la kisiwa chetu hawana, walikuwa wameiandika zamani, kabla Bi Zuwena hajapanda kilima mara ya kwanza. Ilisema: siihitaji tena.

Nikaibonyeza hiyo.